SINDANO, SUFURIA NA KIGANJA CHA KUKHU
Tupime vipi unyevu wa udongo wa kichanga?

Mimi nami nina neno. Wenzangu chamani wameandika mashairi na hadithi, lakini mimi nimeona niandike juu ya udongo. Msicheke. Udongo huu ndio unaotulipia karo.

Wahenga walinena kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi guu langu halikuvunjika, ila nyanya yangu, ambaye sisi nyumbani tunamwita kukhu, alipoteza gorogoro tano za mbegu za karanga kwa sababu yangu. Makala haya ni maelezo ya jinsi mambo yalivyokwenda, na ya yale niliyojifunza baadaye kuhusu vifaa vya kupimia unyevu wa udongo, hasa udongo wa kichanga kama huu wetu wa kati ya Busia na Malaba.

1. Mambo yalivyokuwa

Mwezi wa tatu mvua ilinyesha Jumamosi usiku, mvua ya kelele nyingi juu ya mabati. Jumapili asubuhi majirani walikuwa tayari wanatafuta majembe. Kukhu alitoka, akainama shambani, akachimba kwa mkono mpaka karibu kiwiko, akakamata udongo na kuufinya. Kisha akaurusha chini akasema, "Bado. Hii mvua imekuja kusalimia tu."

Mimi sikukubali. Wiki mbili kabla, nilikuwa nimenunua sokoni kifaa kidogo cha kupimia unyevu: miguu miwili ya chuma, kichwa cha plastiki, na mshale unaotembea kutoka upande wa ukavu hadi upande wa maji. Hakihitaji hata betri. Niliona sasa mimi ni mtaalamu. Nikakichomeka kando ya jiko la nje, mahali ambapo shamba la karanga linaanzia, kina cha kidole tu. Mshale ukaruka mpaka upande wa maji. Nikamwita kukhu.

"Kukhu, njoo uone. Udongo umeshiba."

Aliitazama ile sindano, akanitazama mimi. "Mjukuu wangu, hiyo sindano yako imekunywa maji ya wapi? Mkono wangu haujaona maji."

Nikamweleza kwamba mkono unaweza kukosea lakini kifaa hakikosei, kwa maana kimetengenezwa na wataalamu. Basi, kwa kuwa mimi ndiye ninayesoma na yeye aliishia darasa la pili, alinyamaza. Jumatatu alipanda. Mbegu alikuwa amezinunua kwa mkopo wa chama cha akina mama.

Karanga zilichipuka, tena vizuri, kwenye siku ya tisa hivi. Nilitembea kifua mbele. Lakini mvua haikurudi. Jua liliwaka karibu wiki mbili, na kila jioni nikitoka shule nilikuta majani yamejikunja zaidi. Mvua yenyewe ilipofika, kilichobaki shambani ni mistari mitupu na miche michache kando ya migomba. Kukhu hakunigombeza hata neno moja, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Kila Alhamisi alikwenda chamani kulipa deni la mbegu ambazo hazikumpa kitu.

Nikajiuliza: mshale ulisema maji, na mkono ukasema hakuna. Ni nani aliyesema kweli, na kwa nini? Nilimwendea mwalimu wa kilimo na mwalimu wa fizikia. Kuuliza si ujinga.

2. Tuufahamu kwanza udongo wetu

Sisi wa sehemu hii, kuanzia mjini Busia kupitia Alupe na Adungosi hadi Amagoro na Malaba, mashamba mengi tunayolima yana mchanga mwingi. Ndiyo sababu wazee wetu walipenda mihogo, mtama, wimbi, karanga na njugu mawe. Mabondeni, karibu na mito na vinamasi, utakuta udongo mweusi wa mfinyanzi unaonata miguuni. Basi unaweza kutembea nusu saa tu ukawa umekanyaga aina mbili za udongo ambazo maji hayakai ndani yake kwa namna moja.

Chembe za mchanga ni kubwa, na nafasi kati yake ni kubwa pia. Maji ya mvua huingia haraka na kushuka haraka. Chembe za mfinyanzi ni ndogo mno na nafasi zake ni nyembamba, kwa hiyo hushika maji mengi, na huyashika kwa nguvu.

Walimu walinipa makadirio haya kutoka vitabuni. Udongo wa kichanga halisi, baada ya maji ya ziada kushuka, hubaki na maji kama sehemu 10 katika kila sehemu 100 za ujazo wake. Mmea huanza kunyauka usiweze kuamka tena yakifika kama sehemu 5. Kwa hiyo chakula cha mmea ni sehemu 5 tu. Mfinyanzi mzito hubaki na kama 40, na mmea hunyauka yakifika kama 25, kwa hiyo mmea unapata 15.

Tupige hesabu. Katika kina cha sentimita 30, ambazo ni milimita 300, sehemu 5 katika 100 ni milimita 15 za maji. Mmea mkubwa siku ya jua kali unaweza kutumia kama milimita 5. Yaani kwenye mchanga maji hayo ni ya siku 3! Kwenye mfinyanzi ni milimita 45, siku 9. Shamba letu si mchanga mtupu, lina tifutifu kidogo, kwa hiyo hupata siku chache zaidi. Hata hivyo mnaona wenyewe jinsi kosa dogo la kipimo linavyoweza kuleta hasara kubwa kwetu kuliko kwa jirani wa bondeni.

Sasa sikilizeni jambo ambalo ndilo kiini cha makala haya. Kuna maswali mawili tofauti ambayo kifaa kinaweza kujibu:

(a) Je, udongo una maji kiasi gani?
(b) Je, udongo unayashika maji hayo kwa nguvu gani?

Mmea haujali sana swali la kwanza. Mmea hujali la pili, kwa sababu ni lazima uyavute maji kutoka kwa udongo. Hii nguvu hupimwa kwa kilopaskali. Udongo ulioloa vizuri huwa na nguvu kama 10 kwenye mchanga, na mimea mingi hunyauka kabisa ikifika kama 1,500.

Tulifanya jaribio dogo nyuma ya maabara. Tulikausha kilo moja ya mchanga na kilo moja ya mfinyanzi wa bondeni, kisha tukamwagia kila mmoja gramu 100 za maji na kukoroga. Unyevu kwa uzito ni asilimia 10 kote kuwili. Lakini mchanga ulilowesha viganja vyetu, na mfinyanzi ukabaki mabonge makavu kana kwamba haujaona maji tangu mwaka jana. Maji ni yale yale. Katika mchanga mmea ungestawi, katika mfinyanzi ungekufa. Kwa hiyo mtu akikuambia tu "udongo una asilimia 10", muulize: udongo gani?

3. Vifaa kimoja kimoja

(i) Sindano ya miguu miwili

Hii ndiyo iliyonitia aibuni. Miguu yake imetengenezwa kwa metali mbili tofauti. Ikiingia kwenye udongo wenye maji yaliyoyeyusha chumvichumvi, huwa kama betri dhaifu, na umeme huo ndio unaousukuma mshale. Kumbe basi sindano haipimi maji peke yake! Inapima maji pamoja na chumvi zilizomo. Chumvi zikiongezeka, mshale hupanda hata kama maji ni yale yale.

Na pale kando ya jiko, kukhu humwaga nini kila asubuhi? Majivu na maji ya kuoshea vyombo. Mimi nilikuwa nimepima majivu.

Tulihakikisha kwa mikebe miwili ya mchanga ule ule wa mtoni, maji kiasi kile kile, ila mmoja tuliutia majivu kijiko kimoja. Mshale ulisimama mbali kabisa katika mkebe wa majivu. Wenzangu waliangua kicheko, mimi nikacheka upande mmoja wa mdomo.

Tena kwenye mchanga mkavu kuna ubaya wa pili. Chembe hazishikamani na chuma, hewa huingia katikati, na mshale husema "kavu" hata pale ambapo kuna maji kidogo. Basi kwenye kichanga kifaa hiki hudanganya pande zote mbili. Kinafaa kwa chungu cha maua, tena udongo ule ule, mahali pale pale, kulinganisha leo na jana. Kuamua siku ya kupanda, hapana.

(ii) Kukausha na kupima uzito

Hii ndiyo njia mama. Vifaa vingine vyote husahihishwa kwa njia hii. Unachukua udongo, unaupima uzito ukiwa mbichi, unaukausha katika tanuri lenye joto la sentigredi 105 kwa saa 24, kisha unaupima tena. Uzito uliopotea ni maji.

Sisi hatuna tanuri la namna hiyo nyumbani, lakini sufuria tunayo. Unatandaza udongo ndani ya sufuria juu ya moto mdogo wa makaa, unakoroga kwa kijiko, na unashikilia kioo kikavu juu yake. Kioo kikiacha kufanya ukungu, udongo umekauka. Rudia kupima mpaka uzito usibadilike. Usiache moto ukawa mkali, maana mabaki ya majani na mizizi yataungua na uzito wake utahesabiwa kama maji. Mizani ya duka la mahindi haifai kwa sababu haioni gramu moja. Sisi tuliazima ya maabara.

Tuchukue mfano. Udongo mbichi ni gramu 212. Ukikauka ni gramu 200. Maji ni gramu 12.

12 ÷ 200 × 100 = asilimia 6 kwa uzito.

Mchanga wa shambani una uzito kama gramu 1.5 kwa kila sentimita moja ya ujazo, kwa hiyo tunazidisha 6 kwa 1.5 na kupata 9 kwa ujazo. Katika milimita 300 za kina hiyo ni milimita 27. Ondoa milimita 15 ambazo mmea hauwezi kuzivuta, zinabaki 12. Gawanya kwa 5: siku mbili na kitu. Ukipata jibu kama hilo, na mawingu hayaonekani, weka jembe chini.

Ubaya wake ni kwamba inachukua muda, na kila ukipima lazima uchimbe shimo jipya. Uzuri wake ni kwamba haidanganyi, na chumvi wala majivu hayaisumbui.

(iii) Tensiometa

Hiki ni bomba lililojaa maji, chini yake kuna ncha ya kauri yenye vitundu vidogo sana, juu yake kuna saa ya kupimia mvuto. Udongo ukikauka, unafyonza maji kupitia ile kauri, na saa inaonyesha nguvu ya kufyonza. Kwa maneno mengine, kifaa hiki kinajifanya mzizi. Kinajibu swali letu la pili moja kwa moja.

Kinafanya kazi kutoka 0 hadi kama kilopaskali 80. Zaidi ya hapo hewa huingia na bomba hushindwa. Mtu wa mfinyanzi atalalamika kwamba 80 ni kidogo. Lakini mtu wa kichanga hana haja ya zaidi, maana katika mchanga zaidi ya nusu ya maji yanayoufaa mmea huwa yamekwisha kabla nguvu haijafika 50. Hapo ndipo kichanga na tensiometa hupatana kama chanda na pete. Sharti moja: ncha ya kauri iguse udongo vizuri. Kwenye mchanga mkubwamkubwa watu huitia matope ya udongo laini kwanza kabla ya kuizika. Na lazima mtu aitembelee kuongeza maji. Bei yake si ya mkulima mdogo mmoja, pengine ya chama kizima.

(iv) Donge la jasi

Mwaka 1940, huko Marekani, mtaalamu George Bouyoucos na mwenzake walieleza njia ya kuzika donge la jasi lenye nyaya mbili ndani yake. Udongo ukiwa na maji, donge huloa na umeme hupita kwa urahisi. Udongo ukikauka, umeme huzuiwa. Jasi yenyewe hupunguza usumbufu wa chumvi za udongo, na bei yake ni nafuu.

Lakini donge la jasi haliamki mapema. Mpaka nguvu ipite kama kilopaskali 30, halionyeshi tofauti yoyote ya maana. Kwa mfinyanzi si neno. Kwa mchanga, wakati donge linaanza kusema, sehemu kubwa ya maji imeshakwenda. Ni sawa na mlinzi anayepiga kengele mwizi akiwa ameshavuka mpaka. Isitoshe, jasi huyeyuka polepole na baada ya misimu michache donge halifai tena.

(v) Vifaa vya mawimbi ya umeme, na vya nyutroni

Mwaka 1980 wataalamu watatu wa Kanada, Topp, Davis na Annan, walieleza jinsi ya kupima maji kwa kupitisha pigo la umeme katika vyuma vilivyochomekwa ardhini na kupima muda linaotumia kwenda na kurudi. Maji hulichelewesha pigo hilo mno kuliko mchanga au hewa, kwa hiyo ukijua muda unajua maji. Kwenye mchanga njia hii hufanya vizuri sana. Tatizo ni gharama. Wapo ndugu zake wa bei ya chini zaidi, ambao hata wanafunzi huwaunganisha na kompyuta ndogo, lakini hao husumbuliwa na chumvi na nafasi za hewa kando ya chuma, na lazima wasahihishwe kwa ile njia ya kukausha.

Kipo pia kifaa cha nyutroni, kilichoanza kutumika miaka ya 1950. Kinatumia mnunurisho, kwa hiyo hakiendi kwa mtu asiye na kibali. Na karibu na uso wa ardhi nyutroni hutorokea hewani, kipimo kikaharibika. Mbegu ya karanga hukaa sentimita 5 tu chini. Basi hicho si chetu.

(vi) Kiganja

Msidharau kiganja. Kwenye udongo wa kichanga kinasoma hivi. Udongo ukiwa na maji ya kutosha, ukiufinya hufanya bonge dhaifu linalovunjika ukiligusa, na kiganja hubaki na alama ya maji. Ukiwa na kama nusu, una rangi ya maji na hushikana kidogo, lakini bonge halikai. Ukiwa mkavu, hupita kati ya vidole kama sukari.

Kiganja hakitoi nambari, na viganja viwili huweza kubishana. Lakini kina sifa ambayo sindano yangu haikuwa nayo: kukhu alichimba mpaka karibu kiwiko. Alipima kina. Mvua ya milimita 25 huweza kulowesha mchanga mkavu kama sentimita 30 kwenda chini. Mvua yetu ya Jumamosi, pamoja na makelele yake, ilikuwa imelowesha juu juu tu. Mimi niliuliza ngozi ya ardhi, yeye aliuliza tumbo.

Wengine hutumia chuma kirefu cha kuchoma ardhini: kikipita kwa urahisi wanasema kuna maji, kikikwama hapo ndipo ukavu. Kwenye mfinyanzi njia hii ni nzuri. Kwenye mchanga uliolegea chuma hupita hata kwenye ukavu, kwa hiyo jihadharini.

4. Mfano kutoka Iringa

Huenda mtu akasema haya ni ya maabara na ya nchi za mbali. La hasha. Katika mkoa wa Iringa, Tanzania, kuna skimu ya umwagiliaji ya Kiwere. Kuanzia mwaka 2013 ilikuwa miongoni mwa skimu za Tanzania, Msumbiji na Zimbabwe zilizoingia katika mradi wa utafiti uliosaidiwa na Australia. Wakulima walipewa kifaa kilichobuniwa na mtaalamu Richard Stirzaker na wenzake, kinachoitwa Chameleon, yaani kinyonga, kwa sababu hubadilisha rangi. Vipimio vyake huzikwa katika vina mbalimbali, na kila kina kina taa yake. Buluu ni maji tele, nguvu chini ya kama kilopaskali 20. Kijani ni wastani, hadi 50. Nyekundu ni ukavu.

Tazameni busara iliyomo. Hakimwambii mkulima asilimia. Kinamwambia jinsi mmea utakavyohangaika, na kinamwonyesha mpaka chini mizizi ilipo. Na mipaka yake, 20 na 50, iko pale pale ambapo mchanga hutoa maji yake. Wakulima waligundua nini? Kwamba walikuwa wakimwagilia kupita kiasi! Taa zilibaki buluu siku nyingi kuliko walivyodhani. Wakapunguza maji, mbolea ikaacha kusombwa kwenda chini, mavuno yakaongezeka, na ugomvi wa zamu za maji ukapungua. Sisi kosa letu lilikuwa kinyume cha lao, lakini mzizi wake ni mmoja: kukisia kwa kutazama uso wa ardhi.

5. Muhtasari

Sindano: rahisi, haraka, hudanganywa na majivu, mbolea na hewa. Isitumike kuamua siku ya kupanda.

Kukausha: polepole, kweli tupu. Itumike kuwasahihisha wengine wote.

Tensiometa: inafaa sana kichanga, inahitaji matunzo na fedha.

Donge la jasi: nafuu, linafaa mfinyanzi, huchelewa kwenye kichanga.

Pigo la umeme: zuri, ghali.

Kiganja na shimo: bure, huhitaji mazoea. Kikisahihishwa kwa sufuria, ndicho kifaa bora kwa mwanafunzi wa shule ya kutwa.

Nasema "wa shule ya kutwa" kwa makusudi. Wenzetu wa bweni hutuonea huruma kwa kutembea kilomita asubuhi na jioni. Lakini mtu wa bweni hawezi kuchungulia shimo la shambani kwao kila siku saa kumi na moja jioni. Sisi tunaweza. Na hapa karibu, Alupe, kando ya barabara ya Busia kwenda Malaba, kuna kituo cha utafiti wa kilimo cha KALRO, ambacho zamani kilikuwa chini ya KARI. Ombi langu kwa walimu ni kwamba chama chetu na kile cha kilimo viombe ruhusa ya kukitembelea mwaka ujao.

6. Mwisho wa habari

Msimu wa vuli, mvua ya kwanza ilipokuja, kukhu alitoka kama kawaida. Safari hii nilitoka naye. Nilichimba mashimo matatu, mbali na jiko, nikachukua udongo wa sentimita 5, 15 na 30, nikautia katika mikebe yenye vifuniko. Kabla sijapima, nilimwomba kukhu aufinye kila mmoja na kuniambia hukumu yake. Nikaandika daftarini. Kisha nikawasha jiko.

Wa juu: yeye alisema "unatosha", sufuria ikakubali. Wa katikati: alisema "nusu", sufuria ikakubali. Wa chini: alisema "bado kabisa", na sufuria haikubisha. Nikamwambia, "Kukhu, kiganja chako ni maabara." Akacheka akasema, "Na wewe sasa umesoma."

Tulingoja. Mvua ya tatu ilipofika mpaka kiwiko tulipanda gorogoro mbili tu, ndizo alizoweza kupata. Zimeota na zimesimama. Sisemi kwamba msimu mmoja ni ushahidi wa kutosha. Mwalimu wa fizikia amenionya. Lakini daftari ninalo, na nitaendelea kuandika mpaka nimalize kidato cha nne. Deni la chama bado halijaisha. Nimeahidi kwamba karanga za kwanza kuuzwa zitakwenda huko.

Sindano bado ninayo pia. Nimeichomeka katika chungu cha maua cha mama, na huko inafanya kazi vizuri.

Maswali ya kujipima

1. Kwa nini asilimia 10 ya maji kwa uzito ni nyingi kwenye mchanga na ni kidogo kwenye mfinyanzi?
2. Udongo mbichi una gramu 330, ukikauka una gramu 300. Tafuta asilimia ya maji kwa uzito.
3. Mkulima wa kichanga ameuziwa madonge ya jasi. Utamshauri nini?
4. Fanya jaribio la mikebe miwili, mmoja wenye majivu, na uandike uliyoyaona.

Msamiati

Gorogoro: mkebe wa kupimia nafaka, kama kilo mbili.
Jasi: madini meupe laini yanayotumika katika chokaa ya ukutani na ubaoni.
Kauri: udongo uliochomwa ukawa mgumu, kama wa vikombe.
Mnunurisho: nishati itokayo katika vitu kama urani, ambayo ikizidi hudhuru mwili.
Tifutifu: udongo wenye mchanganyiko wa mchanga na mfinyanzi, mzuri kwa kilimo.

Wasalaam. Ni mimi mwenzenu wa kidato cha tatu, mjukuu wa kukhu.